Marumaru za kung'aa bafuni: nani katuroga?

Leo siasa naiweka pembeni. Nina ugomvi na marumaru. Ndiyo, marumaru, au tailizi kama wengine mnavyoziita. Siyo zote. Ugomvi wangu ni na yale madude makubwa ya sentimita 60 kwa 60, na siku hizi 60 kwa 120, yanayong'aa mpaka unahesabu meno yako mwenyewe, ambayo kila anayejenga hapa Dar es Salaam ameamua kwamba lazima yakae kwenye sakafu ya BAFU. Sebuleni sina neno, sebule ni yako. Lakini bafuni? Penye maji, sabuni na mtu asiye na kiatu?

Nasema mapema ili tusipotezeane muda. Sakafu ya bafu inataka marumaru ndogo zenye uso wa kukwaruza kidogo. Kubwa zipande ukutani, huko hakuna anayekanyaga. Mwenye kupinga aje na hoja, asije na picha ya hoteli.

Maana mchawi wetu wa kwanza ni hiyo picha. Mtu anaiona kwenye simu: bafu la huko Ulaya, sakafu kioo kitupu, taulo jeupe limekunjwa, ua moja kwenye chupa. Anamwonyesha fundi, "nataka kama hivi." Sasa itazame vizuri picha yenyewe. Anayeoga pale anaingia ndani ya sinki refu au ndani ya kibanda cha vioo, anafunga mlango, maji yanabaki humo humo. Sakafu iliyobaki ni kavu, mpaka wanaitandikia zulia! Ile sakafu haijui maji.

Njoo kwenye bafu letu. Mita moja na nusu kwa mbili, ukibahatika. Choo kiko humo humo, bomba la mvua liko juu yako, na siku maji yamekatika kuna ndoo na kopo. Ukioga, maji yanafika mlangoni. Mtoto akioga, yanatoka mpaka koridoni. Hapo bado beseni la nguo, bado wanaotawadha mara tano kwa siku. Sakafu yetu huamka imelowa na kulala imelowa. Tumechukua sakafu ya watu wenye bafu kavu tukaimwagia maji, halafu tunashangaa.

Tuanze na maji yenyewe. Ili maji yatoke bila kusukumwa na fagio, sakafu ya bafu inahitaji mteremko wa sentimita 1 mpaka 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu. Na tundu letu kwa kawaida liko katikati ya sakafu au mahali fulani kandoni mwa choo, kwa hiyo mteremko hauji kutoka upande mmoja. Unakuja kutoka pande zote, kama karai. Chukua karai, jaribu kulifunika kwa ndani na kipande kimoja cha kioo bapa. Hakikai! Kitagusa kingo, katikati kitaning'inia. Sasa panga ndani ya karai hilo vipande vidogo vya sentimita 5 au 10. Vinakaa, kila kimoja kinainama kidogo kumfuata mwenzake, mwisho una karai lililovaa marumaru. Ukitazama mabwawa mengi ya kuogelea, vigae vyake ni vidogo, na kwenye kona za mviringo ndiyo vidogo zaidi. Anayefunika umbo lililopinda hutafuta vipande vidogo.

Fundi aliyepewa marumaru kubwa ana njia mbili. Ya kwanza ni kuzikata mshazari kutoka kila kona ya bafu mpaka kwenye tundu, sakafu ionekane kama mgongo wa bahasha. Kazi hiyo inataka mashine nzuri ya kukatia, subira, na tajiri asiyelia akiona vipande vinatupwa. Ya pili ni kuilaza sakafu bapa kabisa, pima maji inasoma sawasawa kila upande, halafu anamwachia Mungu. Nadhani mnajua ipi inachaguliwa. Ndiyo maana nyumba nyingi zenye bafu "la kisasa" zina mpira wa kusukumia maji umesimama nyuma ya mlango. Nikiingia bafu la watu nikauona ule mpira, nishajua habari yote ya sakafu.

(Ipo njia ya tatu, nisije nikaitwa mwongo. Ni ule mfereji mrefu mwembamba unaolazwa kandoni mwa ukuta, sakafu nzima ikateremka upande mmoja tu. Hapo marumaru kubwa inaweza kulala bila kukatwa bahasha. Kama unaupata na una fundi anayejua kuuweka, kwenye suala la maji nitanyamaza. Kwenye suala la kuteleza sinyamazi.)

Halafu watu wa hesabu, njooni. Wauzaji wanawaambia kubwa haina vipande vingi. Bafu letu ni mita 1.5 kwa 2. Tuache grauti kwanza, hesabu iwe nyepesi. Marumaru ya 60 kwa 60 inaingia nzima mara mbili kwenye upande mfupi, inabaki sentimita 30. Upande mrefu inaingia mara tatu, inabaki 20. Marumaru nzima ni sita tu! Zilizobaki zote ni vipande. Na kwenye hizo sita, moja itatobolewa kwa ajili ya choo na nyingine kwa ajili ya tundu la maji. Umenunua ukubwa dukani, umelaza vipande nyumbani. Chukua sasa ya 30 kwa 30: upande mfupi zinaingia tano kamili bila kukata hata moja, upande mrefu sita na kipande cha 20. Nzima 30, zilizokatwa 5. Nani mwenye vipande hapo?

Lipo na jambo ambalo mafundi wengi hawalipendi nikiliuliza, lakini mimi kazi yangu ni kuuliza. Marumaru za ukutani za kawaida ni za udongo unaonyonya maji, zinaweza kunyonya zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake. Ndiyo maana uji wa saruji unazishika: maji ya saruji yanaingia kwenye vitundu vya udongo na kukaukia humo. Lakini zile kubwa ngumu, za kaure, kipimo chake cha kimataifa ni kunyonya asilimia 0.5 au chini ya hapo. Yaani karibu na hakuna. Uji wa saruji hauna pa kuingia. Zinahitaji gundi yake maalumu, na gundi inatakiwa ienee mgongo mzima wa marumaru. Sasa nenda katazame mjini zinavyowekwa. Bonge la saruji kwenye kila kona, bonge katikati, nyundo ya mpira kidogo, imekaa, twende nyingine! Chini yake kuna mapango. Igonge kwa ufunguo utasikia inalia kama debe tupu.

Sebuleni unaweza kuishi na pango. Bafuni maji yatalipata, yatatulia humo, na baada ya miezi utaanza kusikia harufu usiyojua inatoka wapi. Na kumbuka sisi bafuni tunaweka pipa. Pipa la lita 200 likijaa ni kilo 200, zimesimama juu ya kona yenye pango chini. Tahh! Ufa. Ukipasuka ufa kwenye 30 kwa 30 unabandua moja, unaweka nyingine uliyoihifadhi juu ya kabati. Ukipasuka kwenye 60 kwa 120 umebandua robo ya bafu, halafu unazunguka Kariakoo na kipande mkononi unaulizwa, "Hii uliinunua lini? Haiji tena hii." Na hapo sijamgusa fundi bomba, ambaye siku bomba la chini likivuja atakuja na tindo na hatakuuliza marumaru yako ilikuwa bei gani.

Lakini haya yote ni hela, na hela hutafutwa. Kilichonifanya niandike ni kingine.

Shangazi yangu ana miaka sabini na kitu. Maisha yake yote ameoga kwenye bafu la sakafu ya saruji ya kawaida, uani. Mwaka juzi kijana wake alimaliza nyumba akamleta mjini apumzike, akampa chumba chenye bafu lake mwenyewe. Kijana alifanya kwa upendo, namjua. Marumaru nyeupe za kung'aa, 60 kwa 60, chini mpaka juu. Wiki ya pili shangazi alitoka kuoga, mguu wa kushoto ukaenda peke yake. Akavunjika nyonga. Alilala pale chini zaidi ya nusu saa kwa sababu aliona haya kupiga kelele akiwa hana nguo. Nusu saa! Alipopasuliwa na kurudi nyumbani alianza kutembelea fremu ya chuma, na mpaka leo anaogeshwa na mjukuu. Mwanamke aliyekuwa anakwenda shambani na kurudi kwa miguu.

Msione nyonga ni mfupa kama mifupa mingine. Mzee akivunjika hapo halali kitandani kwa kupenda, na kitanda chenyewe ndicho kinachomaliza: vidonda vya mgongoni, damu kuganda miguuni, mapafu kujaa na kushambuliwa na nimonia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati. Ni sababu ya pili ya vifo vya ajali zisizokusudiwa, baada ya barabara. Wanaoongoza kufa ni watu wenye zaidi ya miaka 60. Siyo wote walioangukia bafuni, sijasema hivyo. Lakini sisi waandishi tukisikia bodaboda imegonga tunakimbia na kamera, na bibi akianguka bafuni hata mtaa wa pili hawajui. Hakuna trafiki wa kuja kuchora chaki.

"Avae ndara," ataniambia mtu. Ndara gani? Ile iliyolika kisigino mpaka imekuwa laini kama ulimi? Ndara iliyolika juu ya marumaru ya kung'aa yenye povu ni skuta. "Weka mkeka wa plastiki." Mkeka nao unateleza juu ya kioo, na chini yake unaota ute wa kijani. Mnanunua kitu kinachoteleza, halafu mnanunua kitu cha kukifunika kisiteleze. Kwa nini msinunue tangu mwanzo kisichoteleza?

Tuelewane hapa, kuna watakaonikamata. Ukubwa peke yake hauangushi mtu. Marumaru ndogo ikiwa na uso wa kioo nayo itakuangusha, na wapo mafundi wanaolaza chini zile za ukutani za 20 kwa 30 kwa sababu zilibaki. Hizo ni laini, ni dhaifu, na hazikutengenezwa kubeba mtu. Kinachozuia kuteleza ni uso wa marumaru, mteremko wa kuondoa maji, na ile mistari ya grauti ambayo unyayo unaishika. Marumaru ndogo inakupa mistari mingi na mteremko mzuri. Kubwa inakunyima vyote viwili, na kama ni ya kung'aa inakunyima na cha tatu.

Na kipimo kipo! Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Kuna alama zilizoanzia Ujerumani, mara nyingine utazikuta zimeandikwa pembeni ya boksi. R9, R10, mpaka R13: hizo wanampandisha mtu mwenye viatu juu ya ubao wa marumaru uliopakwa mafuta, wanauinua polepole mpaka ateleze, wanasoma pembe. R9 ndiyo ya chini kabisa. Halafu kuna A, B na C, na hizi ndizo zetu, maana mtu anapanda PEKUPEKU na ubao umemwagiwa maji ya sabuni. A inahimili pembe ya nyuzi 12, B 18, C 24. Kwa sakafu ya kuogea tafuta B au C. Ukikuta R peke yake, usishuke chini ya R10, na R11 ni bora zaidi.

Niliingia maduka manne Kariakoo kuuliza. Duka la kwanza kijana aliniitikia vizuri, "Karibu kaka, tuna mzigo mpya." Nikamuuliza R ya ile aliyokuwa ananisifia. Akageuza boksi, akaligeuza tena. "Kaka, R ndiyo nini? Hii ni namba moja hii." Nikamwomba 30 kwa 30 ya kukwaruza. Akacheka kidogo. "Hizo wanachukua wa vyoo vya baa, kaka. Wewe chukua hii, mgeni akiingia anajua ameingia kwa mtu." Maduka mengine matatu majibu yalikuwa ya ukoo huo huo. Kijana simlaumu, anauza kilichopangwa mbele. Lakini siku hizi marumaru zinatengenezwa hapa hapa, Mkuranga na Chalinze, siyo lazima tusubiri meli. Inashindikana nini kuandika kwa Kiswahili kwenye boksi, kwa herufi za kuonekana: HII NI YA UKUTANI. HII USIWEKE BAFUNI?

Halafu wenye nyumba za kupanga. Nyie nawaachia aya yenu. Anayejijengea na kuchagua kioo, akianguka ni uamuzi wake. Mpangaji hakuchagua. Dalali anamwambia "masta, marumaru mpaka juu," kodi inapanda kwa sababu ya mng'ao, na anayelipa mng'ao huo ni mama mjamzito anayeshika ukuta kila asubuhi akitoka kuoga. Nimepanga nyumba ya namna hiyo. Nilipomwambia mwenye nyumba maji hayatoki na sakafu inateleza, alinijibu kwamba wapangaji wote waliotangulia walikuwa wanajua kutembea.

Najua hoja yenu kubwa iliyobaki: grauti inachafuka. Kweli, inachafuka, na kwa maji yetu ya visima yenye chumvi inachafuka haraka. Tupime basi. Kwenye lile bafu la mita tatu za mraba, 60 kwa 60 ina kama mita 10 za mistari ya grauti. 30 kwa 30 ina kama mita 20. Tunagombania mita 10 za kusugua kwa brashi Jumamosi, ndizo tumezifananisha na nyonga ya mtu mzima. Vile vidogo sana vya sentimita 5 vinafika mita 120. Hapo nakubali mna hoja, msijaze bafu zima. Viwekeni kuzunguka tundu la maji tu, penye mbonyeo mkali, kwingine laza za 20 au 30. Na grauti chagueni ya kijivu. Aliyeweka grauti nyeupe bafuni akitumia maji ya kisima amejitakia.

Wengine mnasema ndogo zinafanya bafu lionekane dogo. Bafu lenu NI dogo! Mita tatu za mraba hazigeuki uwanja wa taifa kwa sababu ya marumaru. Kama shida ni macho, pandisha zile kubwa nyeupe ukutani mpaka dari, huko zinafaa: mistari michache, hazihitaji mteremko, zinafutika kwa kitambaa. Bafu litaonekana kubwa, na mama ataoga salama.

Kwa mnaokwenda kununua wikendi hii, msiishie kuipapasa marumaru kwa mkono mkavu dukani. Kwa mkono mkavu hata kioo kinaonekana kinashika. Mwombe muuzaji aishushe moja chini, mwombe maji kidogo na sabuni ya unga, vua kiatu, weka mguu mmoja, shikilia kaunta, usukume unyayo mbele taratibu. Duka moja kati ya yale manne walinikatalia. Muuzaji alisema nitalowesha sakafu ya duka, wateja watateleza.